Wakwe Kutoka Ufa

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, Mahrous bin Hud alikuwa uani kwake, mjini Ibra, Oman, akiosha chujio la kiyoyozi kwa mpira wa maji, aliposikia hodi kwenye lango la chuma. Alifunga bomba, akajipangusa mikono kwenye kikoi, akaenda kufungua. Nje alisimama mzee mwembamba aliyevaa kofia ya manyoya na viatu vya sufi vilivyomfika magotini. Mkono wa kushoto wa koti lake ulikuwa mtupu, umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mahrous alimjua mara moja. Alikuwa Sabir, baba yake Minsilu, na mara ya mwisho walionana stesheni ya treni ya Ufa, mwezi wa Juni mwaka 1972.

Sabir alitoa salamu, akaeleza kwamba alifariki mwaka 1981 kwa maradhi ya mapafu, na kwamba basi la Maskati lilimshusha penye mzunguko, akatembea yaliyobaki. Alisema joto la huku limezidi alivyoambiwa.

"Karibu ndani, baba," Mahrous alisema, akampisha.

Sabir alivua viatu mlangoni, kimoja kimoja, kwa mkono wake mmoja. Bi Azza, mke wa Mahrous, alichungulia kutoka jikoni, akaona kuna mgeni, akateleka kahwa. Aliileta pamoja na tende na bakuli la maji ya kunawia vidole, akauliza mgeni ametoka wapi.

"Ni baba wa mwalimu wangu wa zamani," Mahrous alijibu upesi.

"Basi ni mtu mzima sana," Bi Azza alisema, akarudi jikoni.

Mgeni alizungumza Kibashkiri, maana alikuwa Mbashkiri, wa watu wale Waislamu wa milima ya Ural, huko Urusi. Mahrous alimsikia kwa Kiswahili cha Malindi ya Unguja, vile vile alivyokuwa akisema mama yake. Bi Azza alimsikia kwa lafudhi ya Wete. Binti yao Shatha, aliyezaliwa Maskati na siku hiyo amekuja kuwatembelea, alimsikia kwa Kiarabu. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, kwa sababu kila mmoja alidhani wenzake wanasikia kama yeye.

Baada ya kikombe cha tatu Sabir alikitikisa kuonyesha kwamba kimetosha, kama mtu aliyezaliwa Ibra. Kisha akatoa ndani ya koti karatasi ndefu iliyokunjwa mara nyingi, akaitandaza kwenye zulia. Ilikuwa imechorwa mti, na kwenye matawi, ndani ya viduara, yameandikwa majina.

"Shajara," alisema Mahrous.

"Na sisi tunaiita karibu hivyo hivyo," alisema Sabir. "Kwetu kila mtu hujua babu zake saba. Asiyewajua, tunamhurumia." Aliweka kidole kwenye tawi la chini. Palikuwa na jina la Gulnara, na ubavuni pake kiduara kitupu. "Mwanawe Gulnara, Ilnur, anatarajia mtoto mwezi wa Shaabani. Anataka kumwandikia mtoto wake saba. Tumemwazima wa kwetu, lakini wa kuazima si wake. Nipe saba wako, mkwe wangu. Hatuna shida nyingine."

Mahrous alitazama mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi.

"Na Minsilu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alifariki majira ya baridi yaliyopita. Tulimwambia tunakuja kwako. Alisema ana kazi."

Mambo yalikuwa hivi. Mahrous alipelekwa Ufa mwaka 1967, kijana wa miaka ishirini kutoka Unguja, kusomea mafuta na mitambo ya visima. Mwaka wa tatu alimwoa Minsilu, kwa nikaha iliyosomwa na mullah mzee jikoni kwa Sabir, kijijini, pazia limeshushwa. Serikalini hawakuandikisha. Gulnara alipozaliwa, Mahrous alisema atakwenda kwao kutafuta karatasi za kuandikishia ndoa, kisha atarudi. Sabir alimsindikiza stesheni na kumpa chupa ya asali ya msituni. Mahrous hakurudi. Alifika Kairo, akasoma mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akaingia Oman pamoja na jamaa zake waliokuwa wakirejea kutoka Unguja. Siku hizo mtu aliyesoma Urusi alitazamwa kwa jicho la pembeni, basi akasema amesoma Kairo. Akapata kazi katika idara ya maji, akamwoa binti ya ammi yake, akapata Shatha na ndugu zake watatu wa kiume. Mwanzoni aliogopa. Baadaye hofu iliisha, lakini alikuwa amekwisha kuzoea. Barua kumi na moja za Minsilu zilifika kwa anwani ya Kairo, akatumiwa na rafiki yake, na hakujibu hata moja.

Serikali ya kule haimwachi mtu bila jina la baba. Gulnara akaandikwa binti Sabir, na tangu hapo, kwenye karatasi, yeye na mama yake ni ndugu.

"Nipe muda, baba," Mahrous alisema.

"Muda tunao," Sabir alijibu.

Jumamosi, wakati ule ule, alikuja Shakir, baba yake Sabir, aliyekufa kwa njaa mwaka 1921. Kila alipokula tende moja aliweka nyingine mfukoni, na Bi Azza alijifanya hakuona, akaongeza tende kwenye sahani. Jumapili alikuja Yanbirde, baba yake Shakir. Huyu alikuwa na tabia ya kujitambulisha kwa kila mtu, hata kwa fundi aliyekuja kutazama friji.

"Mimi ni Yanbirde," alisema kumwambia Bi Azza, aliposhika kikombe. "Ardhi ya msitu wetu ilikuwa yetu sote, tangu tulipokubaliana na mfalme wa Moscow kwamba yeye apewe kodi na sisi tuachiwe ardhi na dini. Wakaja mabwana na masanduku ya chai na karatasi. Wakaniambia wanaukodi tu msitu. Mimi ndiye niliyetia alama ya ukoo. Walikuwa wameununua."

"Masikini," alisema Bi Azza.

"Nilikuwa na njaa ya chai," Yanbirde alisema. "Nasema ili ijulikane ni nani aliyefanya."

Mahrous alikuwa amekaa pembeni, akawa anachezea pindo la zulia.

"Na nyinyi wazee, ni nani kwa mume wangu?" Bi Azza aliuliza.

"Wakwe," walijibu wote watatu.

Bi Azza aliweka sinia chini taratibu, bila vikombe kugongana. Jikoni alimngoja Mahrous amfuate, naye akamfuata.

"Mtoto ana umri gani?" aliuliza.

"Hamsini na mbili."

"Mkubwa kuliko Shatha."

"Mkubwa."

"Na mimi miaka yote hii nakuombea dua kwa sababu unalia usingizini, nikidhani unalilia Unguja." Alifungua bomba, akaanza kuosha buli lililokuwa safi. "Bibi yetu Mnyasa, mama yake babu yetu Aws, mlimruka kwenye shajara mpaka wajukuu hawajui jina lake. Nilisema hayo ni ya wazee wa zamani. Huyu wa sasa naye utamruka?"

"Posa ya Rumaitha ni Alhamisi," Mahrous alisema. "Watu wa Jalan wanaangalia kila kitu. Mama Shatha, ngoja Alhamisi ipite."

Rumaitha alikuwa binti ya Shatha, na aliyemposa ni Humoud, mhandisi wa Sur ambaye kwao ni Jalan Bani Bu Hassan. Bi Azza alimpenda mjukuu wake, na kwa ajili yake akanyamaza. Lakini tangu siku hiyo alimwita mumewe Mahrous, kwa jina lake, na alikuwa hajamwita hivyo tangu harusi yao.

Jumatatu alikuja Akbulat, mrina asali, na nyuki wachache waliokuwa wakimfuata wakakaa kwenye fimbo ya pazia. Jumanne alikuja Kutlubay, aliyepanda farasi kutoka Ural mpaka Paris akiwa na upinde na mishale, katika jeshi la Urusi, na Wafaransa wakamcheka. Sabla, chumba cha kupokelea wageni, ikaanza kujaa. Mahrous alihamisha viatu vyao kutoka mlango wa mbele, akavificha stoo ili majirani wasivione, na kila asubuhi vilikuwa vimerudi mlangoni, jozi kwa jozi, vimepangwa kwa umri.

Rumaitha alikuja baada ya kazi, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akapiga magoti kuitazama shajara. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza kwa bibi yake.

"Babu, hii mahali tupu ni ya nani?"

"Ya mtu mmoja," Mahrous alisema.

"Haram, masikini. Yaani hawajui jina lake?"

"Anajulikana," alisema Sabir kwa upole. "Bado hajasema."

Jumatano Bi Azza alikwenda soko la wanawake kuwanunulia wazee makubadhi. Walikuwa wamefikia sita siku hiyo; wa sita, Baysar, alikuwa mpiga filimbi na hakusema sana. Nyumba ilipobaki na wanaume, Mahrous alimwita Sabir stoo, akafunga mlango, akamsogelea na kumnong'oneza: Mahrous bin Hud, bin Badar, bin Aws, bin Mahrous, bin Zahran, bin Badar, bin Hilal. Sabir aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Walisimama wakitazama. Wino ulikauka, ukafifia, ukaondoka, na karatasi ikawa kama ilivyokuwa.

"Nilidhani nimekuambia," Sabir alisema. "Haichukui jina la kunong'onezwa. Lisemwe watu wamekaa."

Bi Azza aliporudi alijaribu yeye. Alikuwa binti ya ammi yake Mahrous, na babu hao aliwajua kuliko mumewe. Alisimama katikati ya sabla, akawataja kwa sauti mpaka jirani akazima redio. Wino ulikaa muda mrefu kidogo, kama unafikiri, kisha nao ukaondoka.

"Samahani, binti yangu," Sabir alimwambia. "Inataka kinywa chake."

Alhamisi alasiri watu wa Jalan walifika kwa magari matatu, na wa saba akaja pamoja nao, maana walimkuta barabarani wakampa nafasi. Alikuwa Ishbulat. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na tano Warusi walikichoma moto kijiji chao kwa sababu ya uasi, wakamkata pua na masikio. Alisikia kuliko wote. Mbwamwitu wa kijivu alimfuata mpaka uani, akalala kwenye kivuli cha tangi la maji. Watu wa Jalan walimzunguka kwa adabu, wakaingia.

Babu yake Humoud, Mzee Marzouq, alikaa mahali pa heshima, na mkono wake wa kulia akakaa Ishbulat. Halwa ikapita, kahwa ikapita. Mzee Marzouq aliwatazama wale saba, akauliza wao ni Waarabu wa wapi.

"Sisi si Waarabu," Ishbulat alisema. "Babu zetu walikuwa wakihamahama upande wa kusini. Mbwamwitu akawatangulia, wakamfuata mpaka milimani, aliposimama wakakaa. Ndiyo asili ya jina letu, kichwa cha mbwamwitu."

"Kichwa cha nyuki," alisema Akbulat. "Kwa lugha yetu neno ni lile lile."

"Wanabishana hivi tangu jana," Bi Azza alisema nyuma ya pazia. Hilo halikuwa kweli, maana Ishbulat alikuwa ndiyo kwanza amefika, lakini walibishana kwa namna ambayo kila mtu alimwamini.

"Msafiri mmoja Mwarabu alitupitia miaka elfu moja iliyopita," Ishbulat aliendelea. "Akaandika kwamba sisi ni wabaya kuliko Waturuki wote, na tunaabudu mabwana kumi na wawili, wa mvua, wa upepo, wa miti."

"Alisema uongo?" aliuliza Mzee Marzouq.

"Hapana. Ndivyo tulivyokuwa. Baadaye Mungu akatuongoza. Lakini hatukuyafuta."

Mzee Marzouq alilipenda jibu hilo, akatikisa kichwa. Akamgeukia Mahrous. Aliuliza habari za ukoo, na Mahrous akawataja babu zake saba, na zaidi ya saba, bila kukwama. Sabir alikuwa ameshika kalamu, lakini hakuandika, kwa sababu hawakutajwa kwa ajili ya Gulnara. Kisha Mzee Marzouq akauliza, kama mtu anavyouliza kwa wema tu:

"Na wewe, Mzee Mahrous, Mungu amekujaalia watoto wangapi?"

Sabir alifungua kalamu kwa meno. Wale saba walitazama zulia, ili wasimtie haya. Nyuma ya pazia Bi Azza aliacha kupanga vikombe.

Mahrous aliweka kikombe chini. Alimwona Gulnara kama alivyomwona mara ya mwisho, amefungwa kwenye blanketi lenye mistari, mkono mmoja uko nje, rangi yake ni ya mama yake Mahrous hasa. Alifungua kinywa.

"Wanne," alisema. "Alhamdulillah."

"Alhamdulillah," alisema Mzee Marzouq.

Sabir akaifunga kalamu. Posa ikakubaliwa, Fatiha ikasomwa, na wale saba wakainua mikono pamoja na wengine, Sabir mkono mmoja. Walimwombea Rumaitha kwa moyo safi.

Wiki mbili baadaye nikaha ikafungwa msikitini. Wazee walihudhuria, wakala wali kwa nyama, na Baysar akapiga filimbi mlangoni. Watu wa Jalan wakamchukua bibi harusi wao, na hakuna kitu tena ambacho Mahrous angeweza kukiharibu kwa kusema. Alilijua hilo. Aliamka nalo asubuhi, akalipeleka msikitini, akarudi nalo. Kila siku aliingia sabla akiwa amedhamiria, na kila siku aliuliza wazee kama kiyoyozi kinatosha, akatoka.

Jumamosi moja, kahwa ikiwa imekwisha kumiminwa, simu ya nyumbani ililia. Aliyeipokea ni Bi Azza. Sauti ilikuwa ya kijana wa kiume, na Kiarabu chake kilikuwa kile cha msikitini, kila neno limenyooka. Bi Azza aliiweka simu kwenye spika, akaileta katikati ya sabla, waya wake ukiburuta.

"Samahani kwa usumbufu," kijana alisema. "Jina langu Ilnur. Napiga kutoka Ufa. Nambari hii nimepewa na babu yake mama yangu ndotoni, lakini niliamka kabla hajamaliza, nikakosa tarakimu ya mwisho. Basi najaribu zote. Saba za mwanzo zilikuwa watu wengine. Namtafuta mtu anayeitwa Mahrous. Sitaki chochote kwake. Mama hajui kama napiga. Mtoto wangu amezaliwa jana, msichana, na nataka kuandika majina tu."

Sabir aliangalia chini. "Nilimwambia asiamke," alisema.

"Subiri, mwanangu," Bi Azza alisema kwenye simu. Akaiweka mbele ya Mahrous. Wale saba walikuwa wamekaa, watu wa kutosha, na karatasi ilikuwa imetandazwa.

Mahrous aliisogeza simu. Alisikia upande wa pili mtoto mchanga akilia, na mtu akimbembeleza kwa lugha ambayo safari hii aliisikia kama ilivyo, Kibashkiri kitupu, na akakielewa. Alitaka kusema. Jina lake lilifika ulimini, likakaa hapo, zito kama jiwe la kusagia, na chini yake akaliona kila kitu: Shatha akiuliza, wanawe watatu wakiuliza, Mzee Marzouq akikumbuka ile hesabu ya wanne, msikiti mzima wa Ibra ukigeuza vichwa.

"Umekosea namba," alisema.

"Samahani, ammi," kijana alijibu. Hakuonyesha kuvunjika moyo. Alikuwa amekwisha kuambiwa maneno hayo mara saba siku hiyo. "Zimebaki mbili. Mungu akuweke." Simu ikakatika.

Bi Azza aliuokota mkono wa simu, akaurudisha mahali pake. Uani mbwamwitu aligeuka upande wa pili wa kivuli. Mahrous alingoja waondoke. Alingoja Ishbulat, ambaye alikuwa amesikia yote, amtemee mate, au Sabir akunje karatasi na kuomba viatu vyake. Alitamani hivyo.

Hawakuondoka. Yanbirde, yule aliyetia alama, alimtazama kwa muda, kisha akajivuta kidogo. Aliyefuata naye akajivuta, na mwingine, mpaka mwisho wa mstari, chini ya Sabir, karibu na mlango, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa, mkwe," alisema Sabir. "Umechoka."

Mahrous akakaa. Bi Azza alichukua buli, akaanza kumimina upya kuanzia kwa Ishbulat, akishuka kwa umri, Baysar, Kutlubay, Akbulat, Yanbirde, Shakir, Sabir. Mumewe alikuwa wa mwisho. Alimpa kikombe bila kumtazama, na Mahrous akakipokea kwa mikono miwili, kama mgeni.